Msaada wa gharama za matibabu: nani abebe mzigo wa kuthibitisha?

Mgonjwa anayefika dirisha la malipo na kusema hana uwezo wa kulipa, mara nyingi huelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii, na huko hukabidhiwa fomu pamoja na orodha ya vielelezo: barua ya mwajiri, taarifa ya benki, barua ya utambulisho, nakala ya kitambulisho na ankara zote. Sina ugomvi na kuwapo kwa vielelezo hivyo. Ninachohoji ni nani anayetakiwa kuvitafuta, na kwa wakati gani.

Wanaotetea utaratibu wa maombi wana hoja nzito. Fungu la msaada lina kikomo, na hospitali ikimsamehe kila anayesema hana, fungu hilo litaisha kabla hajafika yule asiye na kitu kabisa, kwa kuwa wanaotangulia huwa ni wenye ndugu anayejua pa kubisha hodi. Fomu, pamoja na usumbufu wake wote, humlinda mtu asiyejuana na yeyote: vigezo vikiwa vimeandikwa, si rahisi afisa kumkubalia mmoja kwa kujuana na kumkatalia mwingine kwa kumtazama tu mavazi. Isitoshe, fomu huacha kumbukumbu, na pasipo kumbukumbu mtu hana pa kukatia rufaa. Tanzania ilipoanza kuwachangisha wananchi gharama za matibabu katika hospitali za umma mwaka 1993, iliweka pia misamaha kwa makundi maalumu na kwa wasiojiweza, na swali la nani hasa asiyejiweza likawa gumu kuliko lile la mtoto au mama mjamzito, ambao hali yao huonekana bila barua.

Ugumu huo unaonekana vizuri katika fomu yenyewe, kwenye nafasi iliyoandikwa "kipato cha mwezi". Mama anayefua nguo za watu kwa ujira wa siku, aliyepata kazi siku nne wiki iliyopita na wiki hii hakuitwa kabisa, aandike nini hapo? Akiandika kiasi cha mwezi mzuri, ataonekana ana uwezo. Akiandika kwamba hana kipato, ataulizwa wanawe wanakula nini. Nafasi hiyo pia haiulizi amekopa kiasi gani kununulia dawa za siku za mwanzo. Kwa muda mrefu, ufuatiliaji wa Malengo ya Maendeleo Endelevu ulipima mzigo wa gharama za afya kwa kuangalia kama zimezidi asilimia 10 au 25 ya matumizi au kipato cha kaya. Kipimo hicho kina maana kwa sababu kinalinganisha ankara na mfuko wa mlipaji, ilhali fomu nyingi hutazama mfuko peke yake. Mwalimu mwenye mshahara wa uhakika anaweza kufilisiwa na upasuaji mmoja, na fomu ikamhesabu kuwa mtu anayejiweza.

Njia mojawapo ya kumpunguzia mgonjwa mzigo ni kuwatambua maskini kabla hawajaugua. Kambodia hufanya hivyo: kaya hutambuliwa vijijini na kupewa kadi, na mwenye kadi akifika hospitali, gharama zake hulipwa na mfuko wa usawa wa afya. Uzuri wake ni kwamba mtu hahojiwi umaskini wake akiwa na homa. Upungufu wake ni kwamba orodha hupitwa na wakati, na ugonjwa wenyewe ni miongoni mwa mambo yanayomtia mtu katika umaskini baada ya orodha kufungwa. Ndiyo maana bado inahitajika nafasi ya kumhoji hospitalini yule aliyeachwa nje, na kwa maoni yangu njia hizi mbili zinapaswa kwenda pamoja.

Kuhusu muda, sheria ya Marekani inayozihusu hospitali zisizo za faida zenye msamaha wa kodi inatoa mfano wa kufuatwa: mgonjwa ana siku 240 tangu ankara ya kwanza baada ya kuruhusiwa ili awasilishe maombi. Kwingine ndugu hulazimika kukimbizana na barua huku mgonjwa akiwa bado wodini, na ndugu huyo ameacha kibarua, kwa hiyo kila safari ya kufuata muhuri inapunguza fedha zilezile anazoambiwa athibitishe kuwa hana.

Kama mtu tayari yumo katika mpango mwingine wa serikali wa kusaidia kaya maskini, sioni sababu ya kumtaka athibitishe upya. Hospitali yenyewe iulize, kwa idhini yake, ili siri zake zisisambae. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Neno "hujakidhi vigezo" likitamkwa kwa mdomo mlangoni, mtu hawezi kulipeleka kwa mkubwa yeyote wala kujua ni kielelezo gani kilichopungua.