Jicho la kuazima: kusoma riwaya za vita vya kiroho

Riwaya ya vita vya kiroho ina kitu ambacho Mkristo hana katika maisha yake ya kila siku: msimulizi anayeona pande zote mbili za pazia. Watu wawili wanagombana ofisini, naye anakuonyesha pepo aliyekalia kabati akichochea. Bibi anapiga magoti usiku, naye anakuonyesha malaika wamesimama juu ya paa na panga zao. Walimu wa fasihi humwita msimulizi maizi. Kwa kurasa mia kadhaa msomaji hutazama kwa jicho hilo la kuazima, na hapo hakuna kosa. Ndiyo raha yenyewe ya hadithi. Kosa huanza kitabu kinapofungwa na jicho halijarudishwa.

Chukua riwaya iliyoifanya aina hii ivume, This Present Darkness ya Frank Peretti, iliyotoka Marekani mwaka 1986. Jina lake limetokana na Waefeso 6:12, pale Biblia yetu inaposema "wakuu wa giza hili". Katika mji mdogo wa kubuni uitwao Ashton, mchungaji kijana na mhariri wa gazeti wanagundua njama ya kuumeza mji mzima, huku juu yao majeshi ya malaika chini ya Tal yakikabiliana na pepo walio chini ya Rafar. Miaka michache baadaye ikafuata Piercing the Darkness. Sioni sababu ya kuzichoma wala kuzipiga marufuku. Peretti anajua kuendesha kisa, na amewakumbusha wasomaji wengi kwamba mkutano wa maombi wenye watu sita si kazi bure.

Lakini angalia mashine ya hadithi inavyofanya kazi. Malaika wa Ashton hawawezi kushambulia mpaka maombi ya kutosha yawe yamepanda. Maombi yakipungua, nguvu zao zinapungua. Kwa mtunzi huu ni ufundi mzuri, kwa sababu unaunganisha kitendo cha chini na vita vya juu na kumfanya msomaji ahesabu saa. Ukiuhamishia kanisani, maombi yanakuwa mafuta ya gari, na mgonjwa asipopona mtu anaambiwa tanki halikujaa. Wanaotetea picha hii hukimbilia Danieli 10. Isome taratibu. Danieli aliomboleza majuma matatu. Malaika anamwambia kuwa maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza, na kwamba mkuu wa Uajemi alimpinga siku 21 mpaka Mikaeli akaja kumsaidia. Sura hiyo haisemi kwamba Danieli alijua habari za vita hivyo vilipokuwa vikiendelea, wala kwamba alimkemea mkuu huyo. Haisemi pia kwamba Mikaeli alisubiri idadi fulani ya maombi. Alichokuwa akifanya Danieli ni kujinyenyekeza mbele za Mungu wake.

Jambo la pili ni majina. Katika riwaya hizi pepo wengine huitwa kwa maovu yao, kama vile Udanganyifu. Biblia inataja pepo bubu na kiziwi katika Marko 9:25, kwa hiyo picha hiyo haikutoka hewani. Ila Wagalatia 5:19 inauweka uasherati katika orodha ya matendo ya mwili, na Yakobo 1:14 inasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Hadithi hupenda kumhamisha adui kutoka ndani kwenda nje, kwa kuwa tamaa haiwezi kukatwa kwa upanga mbele ya hadhira. Mlevi aliyekemewa pepo wa pombe mara nne na hajaulizwa hata mara moja analala wapi na anakunywa na nani, anaujua uchungu wa mchezo huo.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Riwaya inahitaji mbaya wake, mtu mwenye uso na jina. Aya ambayo Peretti aliitolea jina la kitabu inakunyima mtu huyo waziwazi: "kushindana kwetu sisi si juu ya damu na nyama". Huko Ashton, mchungaji anapotuhumiwa ubakaji, msomaji tayari ameona kwamba ni njama ya kuzimu. Katika kitabu cha pili, mwalimu wa shule ya Kikristo anatuhumiwa kumdhulumu mtoto, na mambo ni yale yale. Ndani ya riwaya hizo hatuna budi kuwaamini watuhumiwa, maana msimulizi ametuonyesha. Nje ya riwaya hakuna aliyeonyeshwa kitu. Binti akileta malalamiko dhidi ya kiongozi wa kanisa na baraza likasema "haya ni mashambulizi", jicho la kuazima limefanya kazi ya polisi, daktari na mahakama kwa mkupuo mmoja.

Kwetu linaweza kugeukia upande mwingine pia. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo mara nyingi ni wa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingine nyuma yake kuna mgogoro wa shamba. Riwaya za Marekani hazikuanzisha hayo. Yalikuwepo kabla yake. Ila msomaji wa Geita au Malindi hasomi katika hewa ile ile anayoisoma mtu wa Ohio. Pale ambapo mtu wa Ohio anapata msisimko, huyu wa kwetu anaweza kupata jina la jirani. (Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nadhani jicho la kuazima ni hatari zaidi ya nguo.)

Biblia yenyewe inatumia msimulizi wa namna hii, katika Ayubu 1 na 2. Sisi tunaona mazungumzo ya mbinguni. Ayubu haambiwi hata mwisho wa kitabu. Rafiki zake watatu ndio wanaodhani wameona nyuma ya pazia, na katika 42:7 Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa.

Mwandishi Mkristo C. S. Lewis aliliona tatizo hili mapema. The Screwtape Letters ya mwaka 1942 ina barua 31 za shetani mkubwa akimfundisha mpwa wake. Katika dibaji Lewis anaonya kwamba shetani ni mwongo, na si kila anachosema Screwtape kichukuliwe kuwa kweli. Jicho unaazimwa, lakini unaambiwa kabisa kwamba ni bovu. Barua ya tatu haina panga wala mbawa. Inahusu mtu na mama yake nyumbani, na jinsi sauti na mtazamo wa uso vinavyoweza kuudhi kuliko maneno. Isome barua moja kwa siku, mwezi unaisha nayo. Kinachoharibika hapa ni kunukuu: "Adui" kwa Screwtape ni Mungu, na anayekata sentensi bila kuigeuza huwapa watu ushauri wa shetani. Mitandaoni huzunguka pia nukuu za bandia zenye jina la Lewis. Usisambaze usiyoweza kutaja ni barua ya ngapi.

Kisha kuna vitabu visivyokiri kwamba ni hadithi. Mike Warnke alipata umaarufu kwa The Satan Seller, simulizi ya miaka ya 1970 kuhusu maisha yake kama kuhani wa Shetani. Mwaka 1992 gazeti la Kikristo la Cornerstone lilichunguza tarehe, picha na watu waliomjua chuoni, na madai yake makuu yakaporomoka. Kwa kitabu cha ushuhuda, basi, uliza wapi, mwaka gani, nani mwingine alikuwepo. Riwaya haidaiwi majibu hayo, ushuhuda unadaiwa.

Kikundi kinachotaka kusoma Peretti kisome mara ya kwanza kwa raha, bila kalamu. Mara ya pili chukueni sura tatu au nne zenye pepo, mgawanye ukurasa wa daftari kwa mstari: kushoto kitabu kinachodai, kulia aya. Kila dai lipewe alama moja kati ya tatu: limeandikwa, linawezekana, halipo. Aya isomwe pamoja na sura yake nzima, vinginevyo Danieli 10 itathibitisha chochote mnachotaka. Mtu akianza kutaja watu wa mtaani, funga daftari siku hiyo. Anayekosa usingizi aache, asilazimishwe kumaliza eti ajenge imani.

Nikiombwa kitabu kimoja tu kwa kikundi kipya, nitawapa The Holy War ya John Bunyan, ya mwaka 1682, ijapokuwa Kiingereza chake kimezeeka. Mji wa Mansoul ni nafsi ya mtu, na una malango matano ya milango ya fahamu ambayo hayawezi kufunguliwa kutoka nje bila ridhaa ya wenyeji. Diabolus, yaani Ibilisi, anaanzia Lango la Sikio, tena kwa maneno matamu. Bwana mkubwa anayehamia upande wake baada ya mji kuanguka anaitwa Will-be-will, yaani utashi wa mwenye mji.