Kopo la mvua nalo lihesabiwe

Ndugu zangu wa Muheza bado wanadhani nauza programu za simu. Kazi yangu ni modeli za mazao, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria mazao yatakavyokua, nafundisha chuoni, lakini jaribu kumweleza hilo bibi anayechambua mchicha. Mjomba peke yake ndiye aliyeelewa, na kila nikimwamkia, baada ya "marahaba" huja swali: "Mashine yako imesemaje kuhusu vuli?"

Novemba moja nilimjibu kwa mbwembwe. Makadirio ya setilaiti yalionyesha milimita 18 siku ya Jumanne. Mjomba akanipeleka shambani, akapiga jembe mara moja. Vumbi. "Sasa mpwa wangu, hiyo mvua yako ilimnyeshea nani?"

Iliwanyeshea wa mlimani, nadhani. Milima ya Usambara haina simile na wastani: Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, lakini zunguka mpaka Mkomazi, hupati hata nusu yake. Setilaiti hugawa ramani kwa visanduku, na kisanduku kimoja humeza mlima na bonde, kikatema namba isiyo ya mtu yeyote.

Modeli kama DSSAT na APSIM hazina uganga. Zinakwenda siku kwa siku na joto, jua, mvua, na uwezo wa udongo kushika maji. Mahindi huanza kukua joto likipita takriban nyuzi 8. Siku yenye nyuzi 32 mchana na 22 usiku, wastani ni 27. Toa 8, mahindi yameweka akiba nyuzi 19. Akiba ikitimia, mbelewele zinatoka. Lakini akiba ya Staha, mbegu ya mahindi ya maeneo ya chini, si sawa na ya mbegu za nyanda za juu, na haikai ndani ya kompyuta ikikusubiri. Lazima mtu apande, ahesabu majani, na wiki ijayo arudi kuhesabu tena.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Vyuoni unapanda cheo kwa makala zilizochapishwa. Anayeazima namba za setilaiti anaweza kutoa tatu kwa mwaka. Aliyechimba mashimo ya udongo kutoka Mlingano hadi Pangani kwa misimu mitatu ana daftari lenye matope, basi. Simnyooshei mtu kidole: makala yangu ya kwanza kuhusu mahindi ya Tanga niliiandika bila kukanyaga shamba hata moja la Tanga, nikapongezwa. Mimi, mtoto wa Muheza!

Naona daftari la vipimo lipewe alama kama makala, mradi lina tarehe, mahali, na liko wazi kwa wengine. Wenzangu huuliza: makala hukaguliwa, daftari atalikagua nani? Swali zuri. Atumwe mtu shambani, alinganishe na kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, achimbe shimo lake mwenyewe. Gharama yake haifikii tiketi ya ndege ya kongamano moja.

Wakati tunabishana, nilimwachia mjomba kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka, na rula. Kila saa tatu asubuhi hunitumia namba kwa WhatsApp. Juzi aliandika: "Leo hakuna. Mbuzi kaangusha kopo." Siku hiyo nimeiacha wazi kwenye jedwali.