Pacha, Kovu na Jina la Babu: Hila ya Utambulisho katika Hadithi za Vijana

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mwingereza ambaye naye alitunga hadithi za upelelezi, aliandika amri kumi za kazi hiyo. Ya kumi inasema mapacha na watu wanaofanana wasijitokeze ila msomaji awe ameshaandaliwa. Kati ya hizo kumi, zipo zilizochakaa. Hii bado ina makali, hasa kwenye hadithi za mafumbo za vijana, ambako msichana wa miaka 16 anaweza kugundua ukurasa wa mwisho kwamba mama si mama, kwamba marehemu hakufa, au kwamba ana pacha wake yuko Mwanza.

Wanaoichukia hila hii wana hoja. Fumbo ni mchezo kati ya mwandishi na msomaji, na kumleta pacha dakika ya mwisho ni kuficha karata chini ya meza. Msomaji kijana hasamehe upesi: akidanganywa hivyo mara moja, kitabu hicho hampi mwenzake bwenini.

Hoja yao ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Mnaijua hadithi ya kovu, maana filamu zetu zimeitumia mpaka ikachoka. Kijana maskini ananyanyaswa kurasa mia, kisha mzee tajiri anaona kovu begani mwake na kuangua kilio: "Mwanangu!" Kesho yake yuko kwenye jumba la ghorofa. Ukiitazama vizuri, hadithi hiyo inamwambia mwanafunzi wa kidato cha pili kwamba kumwonea yule kijana kulikuwa vibaya kwa kuwa, kumbe, ni mtoto wa tajiri. Na yatima wenzake wasio na kovu? Hao hawatajwi tena.

Wanaoitetea husema maisha yenyewe yamejaa makosa ya namna hii, nao hawasemi uongo. Mwaka 1896, London, Adolf Beck, raia wa Norway, alifungwa kwa utapeli baada ya wanawake kadhaa kuapa kwamba ndiye aliyewaibia. Alidhaniwa kuwa John Smith, tapeli aliyewahi kufungwa zamani. Mwaka 1898 serikali yenyewe iligundua kwenye kumbukumbu za gereza kwamba Smith alikuwa ametahiriwa, na Beck hakutahiriwa. Bado ikamwacha ndani. Akatoka 1901, na 1904 akatiwa hatiani tena kwa makosa ya aina ileile, mpaka tapeli wa kweli aliponaswa akiendelea na kazi yake. Kashfa hiyo ilichangia kuundwa kwa mahakama ya rufaa ya jinai ya Uingereza mwaka 1907. Mwandishi akipeleka kisa hicho kwa mhariri kama hadithi ya kubuni, atarudishiwa na maneno "haiwezekani".

Kwetu hata pacha hahitajiki. Mtoto hupewa jina la babu, kwa hiyo Hamisi Ali wa mwaka 1950 na Hamisi Ali wa leo ni babu na mjukuu. Hati ya shamba la karafuu ikiibuka kwa jina hilo, ni ya nani? Vyeti vya kuzaliwa navyo, wengi huvifuata mtoto akiwa tayari yuko shule, hivyo cheti kilichochelewa miaka 10 hakimshtui mtu. Mtunzi anaweza kukiweka sura ya pili, mbele ya macho ya msomaji, na asishukiwe.

Kuna wanaosema vipimo vya vinasaba (DNA) vimeua aina hii ya hadithi. Sidhani. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na maombi ya kipimo hupitia kwa watu kama mahakama, mawakili, ustawi wa jamii au polisi. Kijana wa miaka 16 hajiendei tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, anayepima vinasaba, na unywele wa baba mfukoni.

Kwa hiyo naitetea hila, kwa sharti moja: siri iwe na mwenyewe. Katika kisa cha Beck, nyuso mbili kuchanganywa ni ajali. Hadithi iko kwa mtu aliyelisoma faili la gereza akalifunga. Sasa mchukue msichana anayekuta kwenye sanduku la bibi kadi ya kliniki yenye jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, lakini penye jina la mama pameandikwa jina la mama yake mdogo. Mwandishi mvivu ataishia kwenye "kumbe!". Mwandishi hodari ndiyo kwanza anaanza. Mama mdogo alikuwa na miaka mingapi mwaka ule? Alikuwa kidato cha ngapi? Mpaka Novemba 2021 mwanafunzi wa Tanzania Bara aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Basi familia ilimpeleka kijijini, dada mkubwa akamchukua mtoto, na binti akarudi darasani kama aliyekuwa mgonjwa. Hapo siri ina gharama, ina walioilipa, na bibi aliyeitunza ile kadi badala ya kuichoma anahitaji sura yake peke yake.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliionyesha njia hiyo zamani. Riwaya yake ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ya 1957–58, ikachapishwa 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali pa kutambikia, watu wanatetemeka, na mpelelezi mwenye kiko anawauliza walio hai. Vitisho vya mizimu ni pazia. Nyuma yake kuna watu wenye sababu zao.

Nakubali njia hii ina hasara. Inakula kurasa, na mhariri anayetaka kitabu chembamba atakata kwanza sura ya bibi. Isitoshe, msomaji wa miaka 15 anataka pia kuruka kitandani na kusema "haiwezekani!", na kumnyima raha hiyo kwa kisingizio cha uzito ni ubahili. Apewe mshtuko wake katikati ya kitabu, ilimradi kurasa zinazofuata zimweleze ni nani aliyejua siku zote.