Mwenza mwenye ADHD mpe gauni, usimpe kitambaa

Desemba inakaribia, Moshi inaanza kujaa watu wanaorudi nyumbani kutoka Dar na Mwanza, na swali lilelile limeanza kuingia kwenye simu yangu: mwenzangu ana ADHD, nimnunulie nini? Wananiuliza mimi kwa sababu mke wangu anayo, na kwa ruhusa yake huwa naizungumzia bila kuficha. Jibu langu sijaona sababu ya kulibadilisha. Usimpe zawadi inayomwachia kazi.

Kwa asiyeifahamu, ADHD ni hali ya kupata shida kuuongoza umakini na kujizuia; inaanza utotoni, inatokana na namna ubongo unavyokua, na hurithiwa sana katika familia. Kwa watu wengi haiishii shuleni, wanaingia nayo kwenye ndoa na kazini. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilianza kuonekana kabla mtu hajafika miaka 12. Wapo wasiotulia kimwili, wanaongea juu ya maneno ya wenzao na kuamua mambo papo kwa papo. Wapo ambao mwili umetulia kabisa lakini mawazo yanaruka huku na kule. Wapo wenye vyote viwili. Wasichana wengi huangukia kundi la pili, hawasumbui darasani, kwa hiyo hakuna anayewashtukia. Wanakuja kugundulika ukubwani, wakiwa wameshabandikwa majina: mzembe, mvivu, hajui kutunza nyumba. Mke wangu ni mmoja wao.

Sasa chukua kitenge. Kwetu hapa kitenge ni zawadi ya heshima, na mwanamke hawezi kukosea kukipokea kwa furaha. Lakini angalia kazi iliyokunjwa ndani ya kile kitambaa. Achague mshono. Atafute fundi. Aende kupimwa, aache hela ya kianzio, akumbuke siku ya kwenda kujaribu, amfuatilie fundi aliyesema "njoo Ijumaa" na Ijumaa ikifika anasema Jumanne, kisha akachukue. Mtu asiye na ADHD anazipita hatua hizi bila hata kuzihesabu. Kwa mwenye ADHD, kila hatua inagonga palepale penye udhaifu: kuanza jambo, kulipanga, kulishika kichwani wakati mengine yanaingia, kukadiria muda. Kitenge kinaingia kabatini kikiwa na hamu yote ya kushonwa. Kila kabati likifunguliwa kipo pale, na kila akikiona anajiambia kwamba hata zawadi ya mume wake ameshindwa kuishona. Ulitaka kumpa furaha, umempa deni.

Mwaka jana nilinunua kitenge cha rangi anayoipenda, nikachukua kimyakimya gauni lake linalomkaa vizuri kuliko yote, nikampelekea fundi mmoja kule Majengo. Fundi alilitandaza mezani, akalipima bega, kifua, kiuno na urefu kwa tepu yake, akaandika namba kwenye kipande cha boksi. Nikamwomba jambo moja la ziada: mifuko miwili, kila upande mmoja, yenye kina cha kumeza simu nzima pamoja na funguo. Akaniangalia. "Gauni la kitenge na mifuko mirefu hivyo?" Nikamwambia ndiyo, hiyo mifuko ndiyo zawadi yenyewe. Siku ya siku, mke wangu alilivaa, na kabla hajajitazama kwenye kioo mikono yote miwili ilikuwa imeshazama ndani. "Baba Glory, lina mifuko!" Tangu hapo simu yake akiwa amelivaa haipotei, kwa sababu haina haja ya kuwekwa chini popote.

Mfuatilia fundi nilikuwa mimi. Hilo la kuahirishiwa kutoka Ijumaa hadi Jumanne lilinipata mimi, na ndivyo inavyotakiwa. Anayetoa zawadi aibebe kazi yake hadi mwisho.

Zawadi ya pili ya kukwepa ni ile inayokuja kumnyoosha. Daiari ndiyo inayoongoza. Najua kwa nini watu wanaifikiria, maana inaonekana ina mantiki: anasahau, basi apate mahali pa kuandika. Lakini daiari inamtaka akumbuke kuifungua, na kukumbuka ndiko kulikomshinda. Zaidi ya hapo kuna ujumbe unaokuja nayo. Kwenye kicheni pati mashangazi wanatoa sufuria na mafundisho kwa pamoja, na hakuna anayeumia kwa sababu kila bibi harusi anapewa vilevile. Siku ya kuzaliwa ni jambo jingine. Ndugu yangu mmoja aliwahi kumletea mke wangu daiari nzuri yenye maandishi ya dhahabu juu, akamwambia, "Wifi, hii itakusaidia upunguze kusahausahau." Alisema kwa upendo, sina shaka. Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Ile daiari bado iko ndani ya nailoni yake. Mtu aliyekua akisemwa tangu darasa la kwanza kwa kupoteza kalamu na kusahau daftari ana sikio jepesi sana kwa sentensi za namna hiyo, hata zikija zimefungwa na utepe.

Sisemi vifaa ni vibaya. Ukutani jikoni kwetu ipo saa kubwa ya mishale, na ni zawadi aliyoiomba mwenyewe. Alisema akitaka kujua saa kupitia simu, anaifungua, anakutana na ujumbe, kisha picha, na anaiweka chini bila kuangalia saa. Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley amezungumza kwa miaka mingi juu ya upofu wa muda kwa watu wenye ADHD, na nyumbani naliona hilo kila asubuhi: dakika 10 na dakika 40 kwake zina urefu mmoja. Mshale unaotembea mbele ya macho unaupa muda umbo la kuonekana. Saa ile ilipendeza kwa sababu wazo lilitoka kwake. Ningeitundika kwa uamuzi wangu ingekuwa daiari nyingine. Kwa hiyo muulize, na umuulize wakati hajachelewa popote na hakuna kilichoungua jikoni.

Kuna ahadi pia, na hapa wanaume tunajipa sifa tusizostahili. "Mwakani nitakupeleka Zanzibar." Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba, kwa wastani, watu wenye ADHD huvutwa na malipo madogo ya sasa hivi zaidi ya makubwa ya baadaye kuliko wanavyovutwa watu wengine, na wanasayansi wanalihusisha hilo na namna dopamini, kemikali inayohusika na hamasa, inavyofanya kazi kwenye ubongo wao. Haimaanishi hawana subira ya kiutu. Maana yake ni kwamba Zanzibar ya mwakani haina uzito mkononi leo. Safari ya chemchemi ya Chemka Jumamosi hii inao. Ni hapo tu kupita Boma Ng'ombe, maji maangavu hadi unaona mchanga wa chini, mizizi ya miti imening'inia juu yake, na kamba ya kurukia. Ila panga wewe. Watoto wapelekwe kwa bibi yao Ijumaa jioni, taulo na kanga ziwe kwenye begi, chakula kimefungwa, gari lina mafuta. Yeye aambiwe asubuhi: vaa, twende. Ukimwambia "panga siku tutoke", umemrudishia kitenge kisichoshonwa.

Eneo ninalolipenda kuliko yote ni yale mapenzi yake yanayobadilika. Wenye ADHD wengi wako hivi: jambo likiwakamata limewakamata kweli, wanakesha nalo, wanasahau kula. Umakini wanao, shida ni kuuelekeza pale wanapotaka wao. Mke wangu aliwahi kupenda kutengeneza sabuni, nyumba nzima ikanukia mchaichai. Ikaja bustani ya magunia, tukala sukuma wiki na mchicha wa barazani. Sasa hivi ni shanga. Zawadi nzuri kwa mtu huyu inafuata jambo la wiki hii, iwe ndogo, na ifike mapenzi yakiwa bado ya moto. Pakiti ya shanga za rangi aliyoitaja jana usiku ina thamani kuliko cherehani ya bei mbaya itakayofika baada ya miezi mitatu ya kudunduliza. Usikimbilie kununua mtambo kwenye wiki ya kwanza. Na akiliacha jambo, usimhesabie. Tafadhali. "Yale magunia yako vipi?" ni swali dogo linalomfanya mtu aogope kupenda kitu kingine mbele yako. Mimi sioni hasara yoyote. Anajua kutengeneza sabuni, anajua kustawisha mboga pasipo shamba, na nyumba ya mtu anayependa mambo kwa nguvu ni nyumba yenye uhai.

Katika mkumbo huohuo, mpeleke Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi. Mke wangu akiwa kwenye rundo la mitumba macho yake yanafanya kazi ambayo yangu hayawezi: anachomoa blauzi moja ya hariri kati ya mia za nailoni. Pale kila nguo ni jambo jipya, na ubongo wake unapenda jambo jipya. Mpe pesa mkononi na asubuhi nzima, na usiangalie saa. Ukisema "twende basi" umeiharibu.

Vitu vidogo navipitia haraka, maana bei yake haimshindi mtu. Mchongaji wa funguo akutolee nakala nne za funguo za nyumba, moja ikae kwa jirani unayemwamini. Chaja mbili badala ya moja, kila moja na chumba chake. Makopo yanayoonyesha kilichomo ndani, kwa sababu kisichoonekana kwake ni kama hakipo. Vya kuziba masikio, kwa wale ambao kelele za stendi na za harusi za jirani zinawachosha kabisa.

Zawadi kubwa haiuzwi dukani, nayo ni kumwondolea kazi moja nzima. Nasisitiza nzima. Kazi ya LUKU haiishii kwenye kubonyeza namba kwenye simu. Kuna kuangalia mita, kujua kwamba wikiendi hii wageni wanakuja na umeme utakwenda haraka, na kununua kabla giza halijaingia. Ukisema "LUKU nitanunua mimi, we nikumbushe", umechukua kidole chako tu na kumwachia kichwa, na kichwa ndicho kilichochoka. Vivyo hivyo mtungi wa gesi, ada za shule, michango ya kikundi. Chagua moja, ichukue na kumbukumbu zake zote, na usiitaje tena.

Kuhusu dawa nitasema machache. Zile chupa za kuongeza kumbukumbu zinazouzwa kwenye mabasi na mitandaoni hazifai kuwa zawadi ya mtu yeyote. Dawa halisi za ADHD zipo, huandikwa na daktari baada ya uchunguzi, na uamuzi wa kuzitumia ni wa mgonjwa na daktari wake. Kama mwenzako hajapimwa na mwenyewe anataka kujua, msindikize kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa, ukae naye kwenye foleni. Usimshtukize nayo siku ya kuzaliwa.

Limebaki swali ambalo wanaume huniuliza kwa sauti ya chini: nimpe kitu cha thamani mtu anayepoteza vitu? Mpe. Kumnyima vito mke wako kwa sababu ya ADHD ni kumfanya mtoto, na yeye ataelewa hivyo hata usiposema. Tumia akili kwenye kuchagua. Tuseme ni tanzanaiti, jiwe letu la Mirerani, lililogunduliwa mwaka 1967. Wengi wanakimbilia pete. Tanzanaiti si ngumu sana, kwenye kipimo cha Mohs iko kati ya 6 na 7 wakati almasi ni 10, na ikigongwa vibaya inaweza kupasuka. Kwa hiyo pete yake ni ya kuvua kabla ya kukanda unga, kabla ya kufua, kabla ya kuosha vyombo, na kila kuvua ni nafasi ya kuisahau pembeni ya sinki. Kidani kwenye mkufu kinakaa shingoni, mbali na sufuria. Mwambie sonara akuwekee kifungio imara, kile kisichoachia kwa kuvutwa na mtoto, na udai risiti na cheti cha jiwe uvitunze wewe. Kikipotea hata hivyo, atakuwa ameshajisema vya kutosha kabla wewe hujafungua mdomo, kwa hiyo washa tochi ya simu muanze kukitafuta wote wawili.