Mkia Kwanza, Kompyuta Baadaye

Ndege ya jeti ikitulia angani, sifa zote humwendea rubani. Anastahili, lakini nyuma yake kuna kifaa ambacho hakitajwi na mtu: kile kinachozima myumbo wa mkia.

Mabawa yaliyolazwa nyuma huiwezesha ndege kwenda kasi, ila yana gharama yake. Upepo ukiisukuma pua kulia, bawa la kushoto linatangulia na kupata nguvu zaidi ya kuinuka, basi ndege inalalia kulia. Pua inarudi, inapitiliza kushoto, na sasa ni zamu ya bawa la kulia. Rubani anayeufukuza myumbo huo kwa miguu, kwa pedali zinazogeuza usukani wa mkia, akichelewa kidogo tu, anauchochea. Oktoba 1959, jimboni Washington, Marekani, ndege ya abiria aina ya Boeing 707 iliyokuwa kwenye mafunzo iliyumbishwa kwa makusudi kupita kiasi, injini zikang'oka. Kati ya watu wanane waliokuwemo, wanne walikufa.

Kifaa hicho cha kuzima myumbo kinatumia jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, kupima kasi ya pua kugeuka, kisha kinausogeza usukani wa mkia upande wa pili kabla rubani hajahisi kitu. Ninachokipenda zaidi ni kwamba wahandisi wamekifundisha kusahau. Ndege inapokata kona, pua yake hugeuka taratibu mfululizo. Kama kifaa kingepinga kila mgeuko, kingeshindana na rubani. Kwa hiyo mgeuko wa taratibu kinauachia upite, na ule wa kwenda na kurudi kila baada ya sekunde chache ndio kinaukandamiza. Huo ni uhandisi wa hali ya juu.

Hata hivyo, sikubali kifaa kitumike kufidia umbo baya. Waingereza walipoikagua 707 walitaka pezi la mkia, lile bamba la wima linaloituliza ndege, lirefushwe ndipo waipe cheti, nami niko upande wao. Pezi halihitaji umeme wala programu. Ndege za kivita kama F-16, zilizoundwa makusudi zisitulie zenyewe ili zigeuke upesi, ni jambo jingine: rubani wake ana kiti kinachomrusha nje pamoja na parachuti. Abiria hana kiti hicho. Ndege yake nataka ijaribiwe kifaa kikiwa kimezimwa, na rubani wa kawaida, si bingwa wa majaribio, aweze kuituliza kwa mikono na miguu yake.