Stella Dallas: mama alijitoa, au alitolewa?

Filamu ya Stella Dallas iliyotoka Marekani mwaka 1937 ingali inagawa watazamaji. Stella, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, ni binti wa mfanyakazi wa kiwandani huko Massachusetts. Anaolewa na Stephen, mtoto wa familia iliyofilisika lakini yenye adabu zote za kitajiri. Ndoa inavunjika, na Laurel, binti yao, anabaki kwa mama. Mwishowe Stella anajifanya kumtaka mlevi Ed Munn ili Laurel amchoke, ahamie kwa baba yake na Helen, mke wake mpya.

Mwaka 1983 mhakiki E. Ann Kaplan alidai kuwa filamu hii inawafundisha wanawake kwamba mama mwema ni yule anayejiondoa. Ushahidi anao. Hotelini, Stella anapopita na manyoya yake na bangili zinazogongana, mwongozaji King Vidor anatuonyesha kwa macho ya wageni matajiri, nasi tunaona kituko. Tukishamcheka, kumwondoa kunakuwa rahisi.

Mwaka uliofuata mhakiki mwenzake, Linda Williams, alimjibu kuwa mtazamaji hafungwi na jicho moja. Itazameni safari ya kurudi kwa treni kutoka hotelini. Usiku, mama na mwana wamelala kila mmoja kwenye kitanda chake, wasichana wengine ndani ya treni wanamteta Stella, na wote wawili wanasikia. Laurel anashuka kumtazama mama yake. Stella anafumba macho, anajifanya amelala. Binti anajilaza kando yake. Hapo hatuko tena na waliokuwa wakicheka. Tunajua anachokijua kila mmoja na anachomficha mwenzake.

Mimi naegemea kwa Williams, kwa sababu filamu yenyewe inaonyesha kwamba Stella hakupungukiwa kitu katika malezi. Nguo nzuri za Laurel, zile zinazomfanya aonekane wa tabaka la juu, Stella ndiye anayezishona. Mama asiyefaa angelea vipi binti mwenye huruma kiasi kile? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Stella anaujua kuliko wote waliomhukumu.

Hata hivyo, swali la kama Stella alifanya sawa linamwachia Stephen nafasi ya kuponyoka. Wakati wa uchumba, wakitoka sinema, Stella anamwambia anataka kuwa kama watu aliowaona kwenye picha, wenye adabu na ustaarabu. Stephen anamsihi abaki alivyo. Wakishaoana, anaanza kumsahihisha: anavyocheka, anavyovaa, watu anaoketi nao. Kilichomvutia kwa mchumba kinamwaibisha kwa mke. Akahamia New York kikazi, miaka ikapita mama akilea, na alipompata Helen akaomba talaka. Hakuna anayemdai kafara yoyote.

Helen naye ni mwema kweli. Ndiye pekee anayetambua ukubwa wa alichokifanya Stella, na siku ya arusi ya Laurel anaagiza mapazia yaachwe wazi, ili Stella, aliyeko nje kwenye mvua, aone. Machozi yangu hutoka hapo kila mara. Lakini haagizi mtu atoke kumwita ndani, na hapo ndipo ninapokubaliana na Kaplan: filamu inamruhusu Stella apendwe, mradi akae barabarani.