Andikeni gramu kwenye mahari

Siku hizi bibi harusi wa huku pwani akiingia kwa sonara, la kwanza analouliza ni uzito. Nakshi baadaye. Wako wazee wanaolalamika kwamba mapenzi yamegeuzwa biashara. Mimi niko upande wa mabinti.

Bei ndiyo iliyowafungua macho. Mwishoni mwa 2023 wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, iliuzwa karibu dola 2,000 za Marekani. Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Bangili ya karati 21 (karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu, na dhahabu tupu ni 24) yenye gramu 20 ilikuwa na dhahabu ya dola 1,100 na ushei. Ikafika 2,200 na zaidi, na hapo sonara hajataja ufundi wake. Kijana anayejitafutia maisha atamvisha nani kidani cha kufika kitovuni?

Basi watu wametafuta njia. Wengine wanakodi seti ya kuvaa siku ya harusi, wengine wananunua vya kuchovya. Sina ugomvi nao. Harusi ni furaha, na mtu apendeze kwa anachokiweza.

Ugomvi wangu ni na ile karatasi ya posa iliyoandikwa "seti moja ya dhahabu", basi. Karati haikutajwa, gramu hazikutajwa. Inaletwa seti nyembamba, wazi ndani, imejaa vijiwe vinavyometameta, ukumbini vigelegele mpaka nje. Miaka inapita, mtoto anaugua au ndoa inavunjika, mama anaifunga kwenye leso na kuipeleka kuuza. Sonara anaweka lenzi jichoni, anatafuta muhuri. 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Kisha anachukua koleo, anang'oa kijiwe kimoja kimoja, anavisukuma pembeni, na kilichobaki ndicho kinachopanda mizani. Ufundi uliolipiwa siku ya kununua haurudi. Mama anatazama tarakimu kwenye mizani, halafu anatazama ule mrundo wa vijiwe.

Katika Uislamu, mahari ni haki ya mke mwenyewe, si ya baba yake wala ya mumewe. Kwa wanawake wengi wa kwetu, hasa wasio na kiwanja wala akaunti benki, dhahabu ndiyo mali pekee wanayoweza kuishika bila kuomba ruhusa ya mtu. Kuwapa mali hiyo kwa maneno ya jumla jumla ni kuwadhulumu, hata kama hakuna aliyekusudia. Bora bangili moja nzito, isiyo na kijiwe hata kimoja, kuliko seti nzima ya kutazamwa.

Mshenga akija, aandike: bangili, karati 21, gramu kadha, mawe hayamo kwenye uzito. Na risiti ya sonara akabidhiwe bibi harusi mkononi mwake, siyo mama mkwe.